Riale ya Kisogoni

Mara ya kwanza nilipomwona akipima sarafu, aliibandika shingoni mwake.

Nilikuwa dukani kwa mjomba, pale tunapouza chaja na vioo vya simu karibu na gati la Amu, yaani mji wa Lamu. Mbele yangu palikuwa na riale, sarafu kubwa ya zamani ya fedha, ambayo mteja mmoja aliniachia nimwambie kama ni ya kweli. Nilikuwa nimeipima na kuipima tena mpaka taa ya mizani ikaanza kufifia. Mwanamke huyo alikuja kununua chaja. Akainyanyua riale juu ya mizani bila kuniomba, akaibana chini ya sikio, akafumba macho kama mtu anayesikiliza khutba.

"Hii ni fedha," akasema. "Lakini haiyavaliwa."

"Umejuaje, Bi?"

"Imepata moto upesi. Na haina shingo."

Akairudisha, akalipa chaja yake, akatoka akiburura harufu ya udi mpaka nje. Nilibaki nikiitazama riale nikijiuliza shingo ya sarafu ni kitu gani, na kwa nini hakuna hata video moja kati ya zote nilizotazama iliyowahi kuitaja.

Mji mzima ulimwita Somo. Kwetu somo ni mwanamke anayemfunda bibi arusi na kumpamba: hina, wanja, asumini za nywele, na vito vya kuazima. Kila msichana ana wake. Lakini yeye aliwapamba wengi kiasi kwamba jina la kazi likawa lake peke yake, na ukisema "Somo kapita hapa" hakuna aliyeuliza somo wa nani. Hata askari wa bara waliokaa hapa muda walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Mimi aliniita Bi Mizani. Hakuwa akinisifu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimfuata. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga duka hurudi kuhakikisha nimefunga, na nikiwa nimefika nyumbani hukaa nikiisikia kufuli ile mkononi. Sikusomea sarafu popote. Nilianza na kopo la babu, lililojaa senti zenye tundu katikati na shilingi za zamani zenye simba, nikajifunza kwa simu, kwa macho, na kwa kukosea kimyakimya pasipo mtu kuniona. Niliagiza mizani ndogo ya masonara, lenzi, na kipimo cha fundi cha kubana kitu pande mbili. Watu wakaanza kuniletea vya kwao. Kila aliponiuliza mtu, "Hii ni ya kweli?", niliipima upya, kwa sababu nikikosea atauza urithi wa nyanya yake kama chuma chakavu, au ataweka kabatini kipande cha shaba akidhani ni hazina. Nilitaka kuwa na hakika kabisa. Sikuwahi kuwa nayo.

Somo alikuwa nayo tele. Hilo ndilo lililonivuta kwake, na ndilo lililoniudhi.

Alikuwa na majivuno, na sitaki kuyaficha kwa kumpenda. Alitembea katikati ya kichochoro, punda wakampisha. Leso zake zilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikataa miwani katakata, na akishindwa kuona kitu alilaumu taa ya duka letu. "Mjomba wako bakhili," alikuwa akiniambia. "Ataka watu wanunue vitu kwa kupapasa." Halafu ananisukumia kile kitu, "Hebu nisomee wewe mwenye mato ya bure."

Na alikosea. Waliomsifu sana hawapendi kusikia hivyo. Wakati mmoja huko Kizingitini, alikokwenda kumpamba binti wa mwenye mashua ya kuvulia kamba, aliletewa rupia ya zamani akaitupa mkekani mbele ya wanawake wote. Ati ni ya bandia, kwa kuwa mfalme aliyechorwa hana taji. "Mfalme gani atoka kitwa wazi kama mpiga mbizi?" Wanawake wakacheka, mwenye rupia akatahayari. Mwenye rupia huyo akaja kwangu. Niliikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, nikaona ni halali. Wafalme wengine kwenye rupia wana taji, huyu mmoja hana, basi. Nilikwenda kumwambia Somo, nimejiandaa kufukuzwa. Aliichukua, akaibana shingoni mpaka ikapata moto.

"Haya, ni ya kweli," akasema. "Lakini ni ya aibu."

Hakuomba radhi. Ila safari iliyofuata ya Kizingitini alimtafuta yule mwanamke mwenye rupia, akampaka hina mikono yote miwili, wala hakupokea kitu.

Riale ndizo alizozijua hasa. Nazungumzia zile kubwa za fedha zenye malkia wa Ulaya aliyenona mashavu, ushungi kichwani na bizimu ya lulu begani, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Zilipigwa kwa miaka mingi baada ya malkia mwenyewe kufa, zote zikiwa na mwaka uleule mmoja, kwa hiyo mwaka haukusaidii kitu. Mwenye kukusanya sarafu anakagua uzito, upana, lulu za bizimu, na maandishi yaliyo ukingoni. Anakagua kama imepigwa kwa chapa au imemiminwa kwenye kalibu. Iliyomiminwa huwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zake zimelegea, na hupungua upana kidogo kwa sababu madini hunywea yakipoa. Hayo nilikuwa nikiyajua.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kidani. Hapa Amu riale ziliingia kwenye vidani vya harusi. Zilitobolewa juu ya kichwa cha malkia, zikatiwa kikuku, kijipete cha kupitishia uzi, kwa lehemu, zikapangwa kwenye uzi mnene wa fedha. Riale ya namna hiyo inavuruga kila kipimo changu. Tundu limepunguza uzito, lehemu imeuongeza, na ukiigonga hailii, inakohoa tu. Kwa wakusanyaji wa nje hiyo ni sarafu iliyoharibika, na bei yake inashuka kwa kila tundu na kila kwaruzo. Nilikuwa nikiamini hivyo. Nilikuwa nikizionea huruma, kama mtu anayetazama kitabu kilichoraruliwa kurasa.

Siku niliyomwambia hivyo Somo alinishangaa.

"Imeharibika wapi?"

"Tundu hilo. Na huku upande wa malkia umelika wote, pua hana."

"Pua yake iko kwa mabibi arusi," akasema.

Akanionyesha. Bibi arusi wa Amu hakuvaa riale uso ukitazama nje. Mtu hawezi kusimama kuswali na sura ya mtu kifuani mwake, na hataki vilevile kutolewa nje, siku ya kuonyeshwa, mbele ya wanawake huku malkia wa kigeni akiwatolea macho. Kwa hiyo malkia hulazwa ndani, juu ya ngozi, na tai ndiye anayeonekana. Harusi baada ya harusi, jasho na mafuta na dalia ya kujipaka vilimla malkia taratibu mpaka akawa laini kama sabuni iliyotumika, na tai mgongoni mwake akabaki na manyoya. Hiyo ndiyo shingo ya sarafu. Mtu wa kughushi akitaka kuzeesha sarafu atazikwaruza pande zote mbili sawasawa. Hajui kwamba kwetu upande mmoja ulilala na mwingine ulikesha.

Hoteli moja huko Manda ilipata kumkodi awavishe wasichana wawili kwa maonyesho ya wageni. Meneja, kijana mpole wa kutoka bara, alimwomba ageuze riale ili sura ionekane kwenye picha. "Wageni watapenda kuona yule mama, Bi."

"Wataka picha ya bibi arusi au ya mama?"

"Ya bibi arusi."

"Basi huyu hapa. Mama amelala."

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba alizisugua. Kwa mtu wa sarafu, kusugua ni kuua. Mwalimu mmoja wa shule ya hapa aliwahi kuniletea shilingi ya simba aliyoing'arisha kwa dawa ya meno mpaka simba akawa kama amenyolewa. Ilibidi nimwambie ni ya kweli lakini ameiharibu, nikamwambia kwa kuzungukazunguka hata mwenyewe nikachoka. Somo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. "Mwalimu," akasema, "hiyo dawa ilikuwa ya meno yako, si ya simba." Mwalimu akacheka mpaka akashika meza.

Lakini huyohuyo Somo, kabla ya kila harusi, alichukua ukwaju na majivu na kitambaa cha pamba akausugua upande wa tai. Upande wa malkia hakuugusa. "Huku husuguliwa na wenyewe," alisema. Aliburuta kitambaa mstari mmoja ulionyooka, kutoka tunduni kwenda chini, na akaanza tena juu. Hakurudisha mkono. Mwalimu wake, somo aliyekuwapo kabla yake, alikuwa akizungusha, na kwa hilo Somo alimteta miaka yote, mbele ya yeyote, akiwa hai na alipokufa. "Allah amrehemu, alijua kufunda, lakini alizisugua riale kama masufuria ya pilau." Kila mwanamke wa Amu aliyewahi kukaa naye chumba kimoja amesikia habari ya masufuria ya pilau.

Nasema hivyo ili muone jinsi alivyokuwa na mdomo. Alisema nani amenenepa, nani ameanza kupaka nywele rangi, mume wa nani anakoroma mpaka jirani anasikia. Ilinichukua muda kugundua kwamba katika maneno yote yale hapakuwa na hata moja lililotoka chumbani mwa bibi arusi. Nani alilia, nani hakutaka, nani alikuwa na alama mgongoni, vito vya nani vilikuwa vya kuazima tupu. Alikuwa amewaona wote bila ya chochote mwilini, na hakuna aliyejua alichokiona.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kidani.

Nyumba moja ya Mkomani ilikuwa na kidani cha riale kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Kilivaliwa na mabinti wa nyumba hiyo na jamaa zao wote, na majirani wakiazima. Kwa desturi hakikukaa sandukuni mwa mwenyewe. Kilikaa kwa somo, kwa kuwa ndiye anayejua kinakwenda kwa nani na kinarudi lini. Mama wa nyumba alikiweka kwa yule somo wa zamani, na huyo somo alipokuwa hajiwezi tena, mama huyohuyo akakikabidhi kwa Somo wetu kwa mkono wake. Mama akafariki. Kidani kikawa urithi wa mwanawe, mtu mzima mwenye duka la mbao, ambaye mimi namwita Ami kama tunavyowaita wanaume wa rika la baba.

Ami alikuwa akimwoza binti yake, na alitaka baada ya harusi akiuze kidani. Alikichukua kwa Somo, akazipiga picha riale zake moja moja kwa simu, mbele na nyuma na ukingoni, akampelekea mkusanyaji mmoja huko Nairobi. Jibu likarudi kwamba zote ni za kweli, zimetobolewa na kusuguliwa, bei ni ya chini. Isipokuwa moja. Hiyo imemiminwa. Ni ya bandia.

Ami akaenda moja kwa moja kwa Somo akamwambia kidani kimekaa kwake miaka yote ile, na kimerudi kikiwa na riale si yake. Somo akajibu, "Nilichopawa ndicho nilichorejesha." Hakuongeza. Ami alingoja ajitetee, na mji mzima ulingoja. Mwanamke aliyekuwa na neno juu ya kila kitu hakuwa na neno juu ya hili.

Kunyamaza kwake kulimmaliza. Nyumba mbili zikatuma watoto kuchukua vidani vyao, kwa adabu, wakisema vinataka kutiwa uzi mpya. Ami akatafuta mpambaji mwingine, msichana wa Langoni mwenye taa za picha na vipodozi vya boksi. Somo aliacha kupita dukani. Nikienda kwake nilimkuta amekaa, leso imenyooshwa vilevile, anaongea habari za bei ya ndimu.

"Somo, kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Kwamba hukubadilisha."

"Wewe wajua kama sikubadilisha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mimi siwezi kusema ndiyo juu ya kitu nisichokikagua, hata kwa mtu ninayempenda, na akaliona hilo usoni mwangu. Akacheka kidogo. "Bi Mizani," akasema, na nadhani safari hii ilikuwa sifa.

Ami akanijia dukani. Alitaka mtu wa hapa akitazame kidani kwa mkono, asije akasemwa amemtuhumu mtu mzima kwa picha za simu. Nilikubali, kisha nikakesha nikiijaribu mizani kwa sarafu ninazozijua, nikitafuta sababu ya kutokwenda. Naandika hilo kwa sababu watu husema nilikwenda kwa ujasiri.

Tulikaa darini kwa Ami, ghorofa ya juu, baada ya sala ya alasiri, penye mwanga wa kutosha. Alitandika mkeka wa Kipungani, akakilaza kidani juu yake. Bibi arusi mtarajiwa alikaa karibu na mlango. Ami alikuwa amemwita Somo pia, na Somo akaja, akakaa akaegemea ukuta, mikono mapajani. Niliona vidole vyake vinatetemeka. Nilidhani ni hasira. Sikujua bado kwamba vimekuwa vikitetemeka muda mrefu.

Niliomba kimoyomoyo riale ile iwe ya kweli. Nilipanga hata maneno ya kumwambia yule mtu wa Nairobi. Nikazibana riale zote kwa kipimo, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na upana mmoja, mpaka nilipoifikia hiyo. Ilikuwa nyembamba kwa unywele. Nikapima tena. Nikaweka lenzi. Vishimo vidogo vilikuwepo kwenye shingo ya malkia, mahali ambapo ngozi haikufika, na herufi za ukingoni zilikuwa zimeyeyuka kama chumvi. Mkono ulioitengeneza ulikuwa hodari sana. Lakini ilikuwa imemiminwa.

"Ami," nikasema, "hii si ya kweli."

Ami akashusha pumzi. "Basi," akasema. Akamgeukia Somo kwa uso ambao haukuwa wa furaha.

Hapo ndipo watu wengine wangefunga vifaa vyao. Mimi siwezi. Mimi ndiye yule anayerudi kutazama kufuli. Niliirudia riale ya bandia, nikaigeuza upande wa tai, nikaisogeza dirishani, na mwanga ulipoilalia kwa ubavu nikaona mistari ya Somo, imenyooka kutoka tunduni kwenda chini, kama mvua. Hilo halikunishangaza. Nikainamisha zaidi. Chini ya mistari ile palikuwa na mingine, hafifu, imelika, inazunguka.

Nilitazama riale ya jirani yake. Mvua juu, mviringo chini. Nikatazama inayofuata, na inayofuata, mpaka nikamaliza uzi mzima.

"Ami, ngoja," nikasema. "Samahani. Ngoja kidogo."

"Si umeshasema ni ya bandia?"

"Ni ya bandia. Lakini imo humu tangu zamani. Tazama hapa." Nikampa lenzi. "Mistari hii iliyonyooka ni ya Somo. Iliyo chini yake, ya mviringo, si yake. Ni ya yule wa kabla yake."

"Masufuria ya pilau," bibi arusi akasema kutoka mlangoni, bila kukusudia.

"Na Somo hawezi kuwa amezungusha mwenyewe ili kutudanganya?" Ami akauliza.

"Mistari yake inaukata mviringo, Ami. Mviringo ulikuwa wa kwanza, na umechakaa sawasawa na kwenye zile za kweli. Na malkia wa hii amelika kama wenzake. Imelala kwenye shingo za watu miaka mingi. Kidani kilipoingia mkononi mwa Somo, hii ilikuwa imo."

Ami alitazama kwa lenzi muda mrefu. Nilisikia punda chini barabarani, na mwenye punda akimwomba asogee.

"Basi ni yule somo wa zamani," akasema mwishowe.

"Usimtie maiti neno lisilo lake."

Somo ndiye aliyesema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi. Mwanamke aliyemteta mwalimu wake miaka yote kwa namna ya kushika kitambaa, hakukubali mwalimu huyo aitwe mwizi hata kwa dakika moja, wala kwa kujiokoa yeye mwenyewe.

"Kama si yeye, na si wewe, ni nani?"

Somo akatazama mikono yake.

Ami alikuwa bado ameishika riale. Akakipapasa kikuku chake kwa kidole gumba, akahesabu kwa macho ilipokaa kwenye uzi, na nikamwona anabadilika. Ilikaa katikati ya nyuma, pale panapoangukia kisogoni, chini ya nywele na asumini, mahali ambapo hakuna mgeni anayepaona.

"Nilipokuwa mdogo," akasema taratibu, "mama alikuwa akikivaa siku za harusi za jamaa, nami nikipanda mgongoni kwake nachezea hii ya nyuma. Hii hii. Alikuwa akinipiga mkono. Zile za mbele aliniacha nichezee nitakavyo." Akamgeukia. "Ni mama, basi. Somo, ulijua?"

"Alinonyesha mwenyewe siku aliyonipa. Akanambia hii ikae nyuma."

"Hakukwambia kwa nini?"

"Sikumuuliza."

"Na ungeniacha nikuharibie jina mji mzima?"

"Jina langu ni langu," akasema Somo. "Lake nalikabidhiwa."

Ami aliinamisha kichwa. Nilianza kukusanya vifaa vyangu ili nisimtazame. Baadaye akamwambia binti yake, "Mletee Somo mai ya kunywa. Na mwambie yule wa Langoni asije." Jioni hiyo akaenda barazani, mahali palepale mji ulipokuwa ukimsema Somo, akasema alikosea, kidani ni kamili na mikono ya Somo ni safi. Walipomuuliza habari ya riale ya bandia alisema ni mambo ya nyumba yake. Mtu wa Nairobi akaambiwa kidani hakiuzwi. Vile vidani viwili vilirudi kwa Somo, vikiwa na uzi uleule wa zamani.

Siku chache kabla ya harusi Somo aliniita. Nilimkuta chumbani kwa bibi arusi, wanawake wamejaa, hina imeanza kuchanganywa. Mbele yake palikuwa na bakuli la ukwaju, majivu kwenye karatasi, kitambaa cha pamba, na kidani kimelazwa juu ya mkeka, tai wote juu.

"Ndoo hapa, Bi Mizani. Keti."

Nikaenda, nikaketi. Akanyoosha mikono yake mbele yangu, bila haya, na nikaona jinsi ilivyokuwa ikitikisika. Kwa mwanamke aliyekataa miwani mbele ya mji mzima, kunionyesha hivyo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kunipa.

"Yeo huu mkono haushiki mstari," akasema. "Sugua wewe."

Kila kitu nilichojifundisha kinasema usisugue. Nimewakemea watu wazima kwa jambo hilo. Nimemfanya mwalimu ajione mjinga kwa ajili ya simba mmoja.

"Somo, mimi nitaziharibu."

"Ndiyo," akasema. "Sote tumeziharibu. Wewe wadhani zimefikaje hapa?"

Wanawake wakacheka, yeye hakucheka. Nilinawa mikono. Nilinawa tena. Nilichovya kitambaa kwenye ukwaju, nikakigusisha majivu, nikaishika riale ya kwanza. Nikaona mvua yake na mviringo wa mwalimu wake, na nikajua kwamba nikifuata mstari wake nitapotea ndani yake, na hapana atakayejua alipoishia yeye na nilipoanzia mimi. Sikutaka iwe hivyo, kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Nikainamisha mkono nikaburuta kitambaa kwa mshazari, kutoka bega hadi bega la tai.

Somo alisikiliza, maana nadhani alikuwa akisikia zaidi kuliko kuona. "Umekwenda upande," akasema.

"Ndiyo, Somo."

Alifikiri kidogo. "Usirejeshe mkono, basi."

Sikurudisha mkono. Nilizisugua zote, na nilipoifikia ile ya kisogoni niliisugua sawa na wenzake, si zaidi, si kidogo. Siku ya kutolewa nje mimi ndiye niliyemvisha bibi arusi, malkia ndani, tai nje, na Somo akapitisha kidole chini ya nywele zilizosukwa, akaipapasa ile ya nyuma, akaitikia kwa kichwa kwamba iko mahali pake.

Sasa yuko Mombasa kwa mwanawe. Hunipigia simu kunisahihisha mambo ambayo hajayaona. Mimi bado nina mizani yangu na wasiwasi wangu, na vidani vinne sandukuni ambavyo si vyangu. Atakayekuja baadaye na lenzi nzuri kuliko yangu atasema riale hizi zimeharibika, na atakuwa amesema kweli. Akizisogeza dirishani, mwanga ukizilalia kwa ubavu, ataona mviringo, na juu yake mvua, na juu ya mvua mshazari mmoja, na atajua mikono mitatu ilipita hapa, na kwamba wa katikati ulikuwa umenyooka.